Harusi ya Kigoma: namna ya kupunguza mila bila kununiwa na shangazi

Mi nimekaa kamati za harusi hapa Kigoma mara tano, nne kati ya hizo nikiwa mweka hazina, na mara moja nilikuwa bibi harusi mwenyewe (hiyo ndo ilinifundisha zaidi), kwahiyo huku kwetu Mwanga mtu akianza tu kupanga harusi ananifuata na swali lilelile, dada hivi hizi mila za kina bibi tunaziachaje maana hela hamna na likizo kazini nimepewa siku saba.

Sa mi huwa namwambia swali limeanza vibaya. Usiulize tunaziachaje, uliza hii ni ya nani. Karibu kila mila ya harusi ukiichunguza ni fungu la mtu fulani, mkaja ni wa mama, blanketi ni la babu, kifungua mlango mara nyingi ni cha mashangazi, kufunda ni kwa shangazi au somo, na yule mjomba anayekaa kimya kwenye kona na yeye ana lake. Ukimfuata mwenye fungu mapema ukamwomba, atakupunguzia mpaka utashangaa. Ukikata bila kumuuliza, hata kitu cha shilingi elfu kumi kitaleta kikao cha saa tano usiku. Hayo mengine yote nitakayoandika hapa yanatoka humo humo.

Anzeni nyie wawili kwanza

Kabla ya kamati, kabla ya grupu la WhatsApp, kabla hata ya mshenga, kaeni nyie wawili mkubaliane mambo matatu: ndoa ya aina gani, mwisho wa hela yenu wenyewe ni shilingi ngapi (bila michango), na mila gani kila mmoja hayuko tayari kuiacha. Hilo la tatu watu wanaliruka. Mume wangu ni wa Tabora, mi mama yangu Muha wa Kasulu na baba mtu wa Ujiji, tulikaa tukaandika, kumbe yeye alikuwa hajali kitu chochote isipokuwa asali, yaani kwao Tabora mgeni wa heshima anapewa asali na yeye akataka meza ya wazazi iwe na asali ya kwao. Basi. Mi nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi wa ng'ombe, kumbe mwenzangu anataka dumu la lita tano.

Kuhusu aina ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ya kidini, ya kimila na ya kiserikali, ila zote zinataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, na siku yenyewe muwe na mashahidi wawili. Wanaofunga kanisani hizo wiki tatu zinakwenda pamoja na matangazo, ila mafundisho yanaanza mapema zaidi, muulizeni paroko au mchungaji kabla hamjalipia ukumbi, nimeona watu wamelipia ukumbi ndo wanaenda kuuliza tarehe kanisani. Wa bomani msije mkaenda wiki ya mwisho mkidhani ni kama kulipia ving'amuzi. Na muongee wazi habari ya mke mmoja au zaidi, kwa sababu sheria hiyo hiyo ndoa ya Kiislamu na ya kimila inaichukulia kuwa ya wake zaidi ya mmoja mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ni mazungumzo magumu lakini bora yawe magumu sasa hivi mkiwa bado mnapendana kwa vocha.

Daftari la mila

Haya, hapa ndo penyewe. Nunua daftari, kweli la karatasi, sio kwenye simu, maana unaenda kukaa na wazee na mzee akiona unabonyeza simu anajua humsikilizi. Chora sehemu tatu: mila yenyewe, ya nani, na inafanya kazi gani. Halafu nenda kwa kila mzee, upande wako na mwenzio upande wake, muulize taratibu. Usiende na maamuzi. Nenda na sukari kilo mbili na sabuni.

Ntakupa mfano wa jembe. Harusi ya binamu yangu wa kike, bibi yetu kule Kasulu aligoma kabisa, akasema hakuna mjukuu wake atakayetoka bila jembe, maana yeye alitolewa kwa majembe na ng'ombe na mama yake pia. Bwana harusi anafanya kazi benki, wanaishi nyumba ya kupanga, hawana hata bustani ya mchicha. Kamati ikacheka. Mwenyekiti akasema tumpe bibi laki moja yaishe, akapelekewa, bibi akazirudisha kwa mtoto yule yule aliyezileta, na salamu zake akazikata, na kama unawajua Waha wanavyosalimiana, mwakeye na makofi mpaka wakuulizie mbuzi wa jirani, basi bibi kukunyima salamu ujue umefika pabaya.

Ndo nikatumwa mimi na daftari langu. Nikamuuliza bibi, hili jembe linafanya kazi gani? Akanitazama kama mjinga hivi. Akasema hela mtaila, hela haina alama, jembe linakaa nyuma ya mlango, kila mtu akiingia analiona anajua huyu binti aliombwa, hakuokotwa. Kumbe shida yake haikuwa kilimo hata kidogo, alikuwa anataka kitu cha kuonekana. Tukanunua jembe moja dukani, bila mpini, likafungwa kwenye kanga mpya, likabebwa na wazee wa upande wa mume siku ya kupeleka mahari, likapokelewa na bibi mwenyewe kwa mikono miwili. Gharama yote na kanga haikufika hata nusu ya ile laki. Na hakulining'iniza nyuma ya mlango wala nini, msimu ulipoanza akalitia mpini akalimia maharage.

Kwahiyo ukijaza ile sehemu ya tatu, kazi yake, ndo utajua unaweza kubadilisha nini. Kama kazi ya mila ni kuonekana, ipunguze ukubwa ila iweke hadharani. Kama kazi yake ni kufundisha, iache na muda wa kutosha lakini toa mbwembwe. Kama kazi yake ni kugawana chakula, hiyo unaweza kuiunganisha na nyingine. Na zipo ambazo ukiuliza utakuta hata mzee mwenyewe hajui, ameiona kwa jirani mwaka juzi, hizo futa bila huruma. Ndafu kwa mfano. Jamani ndafu ni mila ya Wachaga, nzuri kwao, sasa Muha na Mmanyema wa Ujiji mnamsimamisha mbuzi mzima na nyasi mdomoni mnampigia makofi kwa sababu gani? Ziwa hilo hapo. Harusi moja pale Katonga walileta samaki kuhe mkubwa amechomwa mzima kwenye sinia, bwana na bibi harusi wakawalisha wakwe, mpaka leo watu wanaiongelea.

Mahari na bahasha

Mahari watu wanapenda kuligeuza soko. Mambo mawili ya kujua. Moja, kisheria ndoa iliyofungwa vizuri haivunjiki kwa sababu mahari haikutolewa au haikukamilika, kwahiyo mtu asikutishe kwamba bila ng'ombe wa nne wewe hujaolewa. Mbili, kwa Waislamu mahari ni haki ya bibi harusi mwenyewe, anaitaja yeye, vile vya wazazi ni zawadi na heshima, viandikwe pembeni. Ujiji nimeona watu wanavichanganya kwenye orodha moja halafu binti anakuja kuambiwa mahari yake ilinunua mabati ya baba mdogo.

Sasa habari ya kulipa kwa simu. Vijana wanaona rahisi, mshenga amekaa kwenye mkeka, wazee wamekubaliana, anatoa simu anatuma, mlio unaingia kwa mjomba, tayari. Ni salama kweli, hakuna mtu wa kutembea na mamilioni kutoka Mwandiga mpaka huku. Ila wazee wanaona kama wamenunua luku. Dawa yake ni ndogo tu: kiasi kikubwa kitumwe benki au kwa simu jana yake, na mpewe karatasi yenye sahihi, halafu siku yenyewe kwenye sinia chini ya kitambaa iwekwe bahasha yenye noti mpya, hata laki mbili, na karatasi ya malipo ndani yake. Mzee anafunua kitambaa, anahesabu, anakohoa, mashangazi wanapiga vigelegele. Vigelegele havipigiwi meseji.

Na mshenga achaguliwe kwa mdomo wake, sio kwa cheo. Tulishakuwa na mshenga mtumishi mkubwa tu, akaanza kuongea na wakwe kama anasoma bajeti ya serikali, mpaka babu wa upande wa pili akasinzia.

Kufundwa bila maiki

Kicheni pati za siku hizi mi zinanichosha, ntasema ukweli. Ukumbi, sare, MC wa kike anaongea matusi kwenye maiki, mabeseni na majiko ya gesi yanapita moja moja, na bibi harusi amefunikwa hapo katikati hasikii chochote. Sikatai watu wafurahi na vyombo vipatikane, ila hiyo isihesabiwe kuwa ndo kufundwa.

Tulichofanya kwangu, na nimewashauri wengine wakafanya, ni kutenga asubuhi moja tu kabla ya kicheni pati, mashangazi wawili, bibi mmoja, na dada mmoja aliyeolewa kama miaka mitano hivi (huyo ni muhimu, bibi anajua ndoa ya zamani, huyu anajua ndoa ya kodi ya miezi sita na mume mwenye nywila kwenye simu). Simu zote zinakaa kwenye beseni sebuleni. Mnakaa chini chumbani, chai na mihogo, mnaongea mpaka saa saba mchana. Shangazi yangu alikuja na mambo yake ya heshima kwa wakwe, namna ya kumpokea mgeni wa usiku, na mengine siwezi kuandika hapa, halafu yule dada akaleta ya kwake: mikopo, nani analipa ada ya wadogo zenu, mkikosa mtoto mwaka wa kwanza mnaongea nini na mnaenda wapi. Na bwana harusi naye afundwe! Wazee wa kiume wanamwachia tu aende bachela pati akarudi amelewa. Mjomba amkalishe chini hata masaa mawili.

Humo humo mtie na vipimo. Makanisa mengi yanataka mpime virusi vya Ukimwi lakini hata kama hamjaambiwa nendeni, na mkiwa pale ombeni na kipimo cha seli mundu, maana wawili wote mkiwa na kile kinasaba kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Bibi zetu walikuwa wanaulizia ukoo kabla ya posa, ule ukoo una ugonjwa gani, una ugomvi gani. Kupima damu ni kuulizia huko huko.

Tarehe: angalia mvua, mwezi na ziwa

Watu wa Dar wanaangalia ukumbi upo wazi lini. Sisi huku tuna vitu vingine. Mvua zetu zinaanza kwenye Oktoba Novemba zinakwenda mpaka Aprili, kwahiyo sherehe ya nje weka Juni mpaka Septemba, na watu wa vijijini Kasulu na Buhigwe wanakuwa wameshavuna wana chochote mfukoni.

Ila hapo hapo kumbuka ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Kwahiyo kama familia ni ya wavuvi au menyu yako ni migebuka, sikiliza tangazo la mwaka husika kwanza ndo uchape kadi. Na hata ziwa likiwa wazi, siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa hawaingii, taa zao zinazidiwa na mwezi, dagaa zinapanda bei na mvuvi yupo nyumbani hana kitu. Mi nikiwa mweka hazina natazama kabisa mwezi: mchango wa mvuvi usiuombe mbalamwezi, subiri giza lirudi, wiki moja tu baadaye anakupa mwenyewe bila kukumbushwa. Upande mwingine, mbalamwezi ndo muda wavuvi wanaweza kuhudhuria sherehe. Basi harusi mbalamwezi, michango giza. Nimemaliza.

Ramadhani, Kwaresma na mitihani ya watoto mnajua wenyewe. Na kama mna ndugu wa Kagunga na vijiji vya ziwani kaskazini, wanakuja kwa boti mpaka Kibirizi, ulizia siku za boti mapema, Jumapili usiitegemee, kwahiyo ukiweka harusi Jumamosi ujue hao watalala kwako mpaka Jumatatu, uwaandalie mahali.

Kamati na hesabu

Kamati ndogo, watu tisa wanatosha. Wengine wote wawe kwenye grupu wasome tu. Ahadi sio hela. Ntarudia, ahadi sio hela. Kamati moja tulikuwa na ahadi za milioni tisa, mpaka siku tatu kabla ya harusi mkononi milioni tano na laki nane, na mapambo yalikuwa yameshaagizwa ya harusi ya milioni tisa. Tangu hapo nina utaratibu: bajeti inapangwa kwa nusu ya ahadi, na wiki mbili kabla tunafunga, kilichopo mkononi ndo harusi, kitakachokuja baadaye kinaingia kwenye kuanzia maisha.

Hesabu inaanza na vichwa. Tuseme wageni 150 na sahani ni elfu 15, hiyo tayari ni milioni mbili na laki mbili na nusu kabla ya kinywaji. Ukiongeza wageni 50 kwa sababu mama ana wenzake wa kikundi, umeongeza laki saba na nusu, mwambie mama hiyo namba kwa upole uone kama wenzake hawatapungua. Sendofu na harusi mnaweza kuziunganisha kama nyote mpo Kigoma: mahari na kuaga vifanyike nyumbani kwa binti Ijumaa mchana kwa chakula cha mchana, majirani na ndugu, turubai na viti vya kukodi, mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa, halafu Jumamosi ndoa na ukumbi. Unabaki na kulipia ukumbi mmoja. Ila kabla hujaifuta sendofu nenda kamuulize mama wa binti, kwa sababu sendofu ni fungu lake, ndo siku anayoonekana. Mpe hiyo Ijumaa iwe yake yote, yeye ndo achague sare.

Chakula, acheni kuona aibu na vya kwetu. Wali na pilau sawa, kuku sawa, lakini weka na meza moja ya ugali wa muhogo, migebuka ya kukaanga, dagaa na samaki wa mawese. Wageni wa Dar na Arusha ndo watajipanga hapo, nakuhakikishia, na ni nafuu kuliko nyama. Samaki muagizeni kwa mtu mmoja tu wa kuaminika wiki mbili kabla, apewe nusu ya hela, siku ya kuamkia sherehe saa kumi na moja alfajiri mtu wenu awe mwaloni na ndoo. Ukichelewa unakuta wamebaki wa kupima kwa kidole.

Siku yenyewe na lile jua letu

Hapa MC na mpiga picha wa kutoka Dar huwa wanaanguka. Sisi tuko mwisho wa reli, magharibi kabisa, saa ni ile ile ya Dar lakini jua letu linazama kama dakika 40 baada ya la kwao. Kwao saa kumi na mbili na nusu giza linaingia, huku saa kumi na mbili na nusu bado mnaonana vizuri, linazama karibu saa moja, kule nyuma ya milima ya Kongo, na ziwa lote linakuwa la rangi ya chungwa. Mpiga picha wangu alitupeleka ziwani Bangwe saa kumi, jua kali, poda inayeyuka, wote tumekunja macho kama tumekula ndimu. Tukarudi ukumbini, na saa moja kasorobo nachungulia dirishani naona ule mwanga wenyewe unaondoka bila sisi. Niliumia. Kwahiyo picha za ziwani ziwe kuanzia saa kumi na mbili kasorobo mpaka saa moja kasorobo, na kuingia ukumbini saa moja na nusu, hapo na wanaoswali magharibi wameshaswali wamerudi, hakuna anayekimbizana.

MC mpe majina ya wazee kwenye karatasi, yameandikwa na anayeyajua, na namna ya kuwaita. Baba mkubwa asiitwe anko. Na mpe dakika: neno la wazazi dakika kumi kila upande, zawadi zipite kwa makundi, chakula kabla ya saa tatu na nusu. Watoto na wazee wamelala njaa kwenye harusi nyingi sana kwa sababu tulikuwa tunasubiri keki.

Kuvunja kamati wekeni ndani ya wiki mbili, hesabu isomwe yote hata kama imebaki elfu nne, soda na karanga zinatosha. Na yale masufuria ya kuazima kwa majirani yaoshwe Jumatatu yarudishwe Jumatatu, yasirudi matupu, tia hata nyanya tano au kipimo cha dagaa, kwa sababu mwezi ujao kuna harusi nyingine mtaa wa pili na masufuria ni hayo hayo.